Saratani ya mifupa: mwanga wa leza unavyomwonesha daktari pa kukata

 

Leo safu yetu inazungumzia ugonjwa ambao wengi wetu hatupendi hata kuusikia, nao ni saratani ya mifupa. Nimeuchagua kwa sababu ya swali nililoulizwa na mama mmoja, swali ambalo kwa muda mrefu sikuwa na jibu la kumtosheleza.

Mwanawe alikuwa na umri wa miaka 14, mpenzi wa mpira. Aliletwa kwangu zahanati akilalamika goti. Nilidhani ameumia uwanjani, nikampa dawa ya maumivu na kumwambia apumzike. Baada ya wiki tatu akarudi, na mimi nikampa dawa ile ile. Wazazi walipoona hapati nafuu wakampeleka kwa fundi wa viungo, akawa anachuliwa kwa mafuta ya moto kwa muda wa miezi miwili. Alipoletwa mara ya tatu goti lilikuwa limevimba kama nazi na usiku halali kwa maumivu. Hapo ndipo nilipoandika barua ya rufaa akapigwe eksirei. Ilikuwa saratani, na mguu ulikatwa juu kabisa ya paja.

Nilipokwenda kumjulia hali, mama yake aliniuliza: "Daktari mwanangu, ugonjwa ulikuwa gotini. Mbona wamekata mpaka huku juu? Ni nani aliyewaambia kuwa umefika huku?"

Nilimjibu kuwa wamechukua tahadhari. Jibu hilo lilikuwa la kweli lakini halikutosha. Leo, inshaallah, nitalijibu swali lile vizuri zaidi, na katika kulijibu nitaeleza elimu ambayo wataalamu wanaifanyia kazi hivi sasa: kutumia mwanga wa leza ili kumwonesha daktari wa upasuaji mahali saratani inapoishia.

SARATANI YA MIFUPA NI NINI?

Mwili wa mwanaadamu umejengwa kwa chembechembe hai ndogo sana ziitwazo seli. Kila seli ina wakati wake wa kuzaliwa, kazi yake na wakati wake wa kufa. Saratani ni pale baadhi ya seli zinapoasi utaratibu huo, zikawa zinazaana bila mpaka na kuvamia nyama za jirani.

Saratani nyingi zinazoonekana mifupani zimesafiri kutoka sehemu nyingine, kama vile titi au tezi dume. Lakini zipo zinazoanzia kwenye mfupa wenyewe. Hizi ni chache, ila ni kali. Ya kwanza ni osteosakoma. Hii huwapata zaidi vijana walio katika umri wa kurefuka haraka, baina ya miaka 10 na 20, na mahali inapopenda zaidi ni jirani na goti: mwisho wa mfupa wa paja au mwanzo wa mfupa wa muundi. Mara nyingine hukaa juu ya mkono, karibu na bega. Ya pili ni kondrosakoma, inayotokana na seli za gegedu. Hii huwapata zaidi watu wazima, hasa waliovuka miaka 40, na hupenda nyonga, paja na bega. Ya tatu huitwa sakoma ya Ewing, nayo pia huwapata zaidi watoto na vijana.

Osteosakoma hutibiwa kwa dawa za saratani za dripu pamoja na upasuaji. Kabla ya dawa hizo kuanza kutumika miaka ya 1970, wagonjwa waliokatwa kiungo peke yake bila dawa walikuwa wengi wanafariki, na waliopona hawakufika hata robo, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeshapeleka mbegu zake kwenye mapafu kabla ya mguu kukatwa. Leo, katika hospitali zenye huduma kamili, mgonjwa anayewahi kabla ugonjwa haujasambaa ana matumaini ya kupona ya asilimia 60 hadi 70. Kondrosakoma nayo, kwa sehemu kubwa, haisikii dawa wala mionzi. Tegemeo lake kubwa ni kisu. Kwa hiyo kama daktari hakuitoa yote, hakuna silaha nyingine ya maana iliyobaki.

MPAKA USIOONEKANA KWA MACHO

Sasa tuje kwenye swali la yule mama. Uvimbe wa saratani haufanani na embe bovu ambalo sehemu iliyooza inaonekana wazi, ukakata hapo na kula palipobaki. Saratani hutambaa. Kiini chake kinaonekana, lakini pembezoni zipo seli chache chache zilizokwishapenya kwenye uboho au kwenye nyama ya jirani, na seli hizo hazionekani kwa macho wala kuhisiwa kwa vidole.

Kwa sababu hiyo daktari haukati uvimbe kwenye ukingo wake. Huutoa ukiwa umefunikwa pande zote na nyama au mfupa mzima, mfano wa mtu anayechimba mche akauinua na udongo wake wote, pasionekane hata mzizi mmoja. Kabla ya upasuaji hutazama picha za MRI, akapima uvimbe unapoishia, kisha akaongeza sentimeta kadhaa za mfupa uonekanao mzima.

Hapo pana mizani ngumu. Akiongeza sana, anaondoa mfupa, misuli na mishipa ambayo mgonjwa angeihitaji kutembelea maisha yake yote. Akiongeza kidogo, anaweza kuacha seli ambazo baada ya miezi zitaota tena, na saratani iliyorudi mara nyingi ni ngumu kuliko ya mwanzo. Kwenye paja bado pana nafasi ya kuongeza. Kwenye nyonga, ambako mfupa umepakana na kibofu, utumbo mkubwa na mishipa mikubwa ya damu, sentimeta moja ni jambo zito.

Naam, picha za MRI zinasaidia mno, lakini ni picha zilizopigwa kabla. Haziwi ndani ya chumba cha upasuaji pale kisu kinapofika mfupani. Na mara nyingine uvimbe wa maji unaouzunguka ugonjwa huonekana kwenye picha kama ugonjwa wenyewe.

KWA NINI MAABARA HAITOI JIBU PAPO HAPO?

Huenda ukauliza: kwa nini wasipeleke kipande maabara mgonjwa akiwa bado mezani? Kwa saratani za nyama laini hilo hufanyika. Kipande hugandishwa kwa baridi kali, hukatwa vipande vyembamba kama karatasi, hutiwa rangi na kutazamwa kwa darubini, na jibu likarudi katika muda wa nusu saa hivi.

Tatizo la mfupa ni ugumu wake. Wembe wa maabara hauwezi kuukata mfupa mkavu uwe mwembamba kiasi hicho. Ni lazima kwanza uloweshwe katika dawa yenye tindikali au nyingine ya aina hiyo, itoe madini ya kalsiamu mpaka ulainike, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo jibu kamili la kama pembezoni pamebaki safi au la humfikia daktari wakati mgonjwa yuko wodini na jeraha limeshashonwa. Jibu likiwa baya, mgonjwa na jamaa zake wanarudi kwenye mazungumzo ya upasuaji mwingine, na pengine ya kukata kiungo kilichokuwa kimeokolewa.

Pengo hilo, baina ya kisu cha leo na jibu la wiki ijayo, ndilo ambalo mwanga wa leza unatarajiwa kuliziba.

MWANGA UNAVYOGONGA NA KUSIKILIZA

Mama anapokwenda sokoni kununua nazi hana haja ya kuivunja ili aijue. Huitikisa sikioni, akaigonga kwa kidole, na kwa mlio wake akajua kama ina maji au imekauka. Mnunuzi wa chungu naye hukigonga: kilicho kizima hulia kwa sauti moja, chenye ufa hulia kwa nyingine. Ufa wenyewe huenda usionekane, lakini mlio unausema.

Mwanga nao unaweza kutumika kwa namna hiyo. Mwanga wa kawaida, kama wa jua au wa taa, umechanganyika rangi nyingi. Leza ni mwanga wa rangi moja tu, unaokwenda kwa mstari mmoja. Ukiuelekeza mwanga huo kwenye nyama au mfupa, sehemu kubwa hurudi na rangi ile ile uliyokwenda nayo. Lakini sehemu ndogo sana, takribani punje moja ya mwanga katika kila milioni 10, hugonga molekuli za mwilini, zikatikisika, na punje ile ikarudi imebadilika rangi kidogo. Kiasi cha mabadiliko hayo hutegemea molekuli iliyogongwa. Protini ina mlio wake, mafuta yana mlio wake, na madini ya mfupa yana wao.

Kifaa cha kupima huichambua rangi iliyorudi na kuichora kwa mstari wenye vilele na mabonde. Kilele kimoja maarufu ni cha fosfeti, madini makuu ya mfupa, ambacho wataalamu hukitafuta kwenye alama ya 960 katika kipimo chao. Vilele vingine ni vya kolajeni, ambayo ni protini inayoushikilia mfupa, na vingine ni vya mafuta ya uboho na vya chembe za urithi. Mfupa mzima una mpangilio wake wa vilele hivyo. Palipo na saratani mpangilio hubadilika: madini na kolajeni havikai katika uwiano wake wa kawaida, na alama za seli zinazozaana kwa wingi huongezeka. Kwa hiyo kifaa hakimpigi daktari picha ya uvimbe. Kinamwambia nyama iliyo mbele yake imetengenezwa kwa nini.

KUTOKA BASRA HADI CALCUTTA

Inafaa vijana wetu wa madrasa wajue kuwa elimu ya mwanga ina historia ndefu ndani ya ulimwengu wa Kiislamu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965, aliandika akiwa Cairo kitabu chake Kitab al-Manazir, na humo alibainisha kwa majaribio kuwa tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni, si jicho kutoa miali yake. Wanazuoni wa Ulaya walikisoma kitabu hicho kwa Kilatini kwa karne nyingi.

Elimu hii ya mwanga unaobadilika rangi imepewa jina la mwanasayansi wa India, C. V. Raman. Mwaka 1921 alikuwa safarini melini, na alipoiangalia bahari ya Mediterania akajiuliza kwa nini maji ni ya buluu. Swali hilo, ambalo mtoto yeyote wa pwani amewahi kujiuliza, lilimfanya aanze kuchunguza jinsi mwanga unavyotawanyika. Tarehe 28 Februari 1928, mjini Calcutta, yeye na mwanafunzi wake K. S. Krishnan walithibitisha kuwa mwanga unaotawanywa na maji na vimiminika vingine hurudi na rangi mpya iliyo hafifu. Mwaka 1930 Raman alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kwa kuwa mwanga huo ni hafifu mno, matumizi yake yalipanuka baada ya leza ya kwanza kuwashwa Marekani mwaka 1960. Ndiyo maana kipimo hiki huitwa spektroskopia ya Raman.

KIFAA KINAVYOTUMIKA

Kifaa chenyewe kina sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni chombo cha mkononi chenye umbo la kalamu, ambacho ndani yake zimepita nyuzi nyembamba za kioo. Uzi mmoja unapeleka mwanga, nyingine zinarudisha. Ya pili ni kisanduku kinachochambua rangi zilizorudi. Ya tatu ni kompyuta.

Daktari akishafika kwenye mfupa hugusisha ncha ya kalamu mahali anapotaka kujua. Mwanga unaotumika mara nyingi ni wa nanometa 785, mwekundu sana kiasi cha kukaribia kutoonekana kwa macho. Baada ya muda mfupi, sekunde chache, kompyuta hulinganisha mstari uliopatikana na mamia ya mistari iliyohifadhiwa, ambayo kila mmoja ulipimwa kwenye kipande ambacho mtaalamu wa patholojia alikwisha kukitazama kwa darubini na kukitolea hukumu. Kisha hutoa jibu: panafanana na pazima, au panafanana na penye saratani. Daktari akihamisha kalamu sehemu moja hadi nyingine, anaweza kuzunguka ukingo wote wa jeraha kabla hajashona.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulichanganya. Leza hii haikati wala haichomi. Nguvu yake ni ndogo na inatumika kupima tu. Pia si mionzi ya eksirei wala ya tiba ya saratani. Tahadhari yake kubwa ni macho, na ndiyo maana wahudumu huvaa miwani maalumu.

WAMEFIKIA WAPI?

Mwaka 2015 watafiti wa Montreal, Kanada, walichapisha matokeo ya kalamu ya aina hii kwa wagonjwa 17 waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa saratani ya ubongo. Iligundua sehemu zenye saratani kwa asilimia 93, na ilizitambua zilizo nzima kwa asilimia 91. Maana yake ni kwamba katika kila sehemu 100 zenye ugonjwa ilizikamata 93, saba zikaipita. Ubongo, kama nyonga, ni mahali ambapo huwezi kuongeza tu ukataji kwa tahadhari.

Upande wa mifupa, watafiti wa Italia walichapisha mwaka 2020 utafiti wao juu ya vipande vya uvimbe wa gegedu vilivyokwisha kutolewa kwa wagonjwa. Mwanga uliweza kutofautisha uvimbe usio saratani na kondrosakoma, na pia kutenganisha madaraja ya ukali wake. Jambo hilo ni kubwa kwa sababu kondrosakoma ya daraja la kwanza iliyo mkononi au mguuni mara nyingi inaweza kukwanguliwa tu na mfupa ukabaki, lakini ya madaraja ya juu hutaka kutolewa pamoja na mfupa wa pembezoni.

Hata hivyo, kwa saratani ya mifupa jambo hili bado ni la utafiti. Halijawa huduma ya kawaida. Kwa hiyo asije mtu akakuambia lipe fedha nyingi upelekwe nje ukatibiwe saratani ya mfupa kwa leza. Leza hii haiponyi saratani. Inampima tu mgonjwa, na anayetibu kwa sababu zake ni kisu na dawa, na mponyaji wa kweli ni Allah (S.W.).

Vikwazo navyo vipo. Mwanga huu hauendi mbali ndani ya nyama, hupima tabaka la juu tu, hivyo kilichojificha chini zaidi hakionekani. Damu na mwanga mkali wa taa za chumba cha upasuaji huvuruga kipimo. Baadhi ya nyama hutoa mng'ao wake zenyewe ukafunika mlio unaotafutwa. Na mgonjwa wa osteosakoma kwa kawaida hupewa dawa kwa wiki kadhaa kabla ya kupasuliwa, hivyo daktari hukuta mchanganyiko wa seli hai na zilizokufa, na kompyuta ni lazima ifundishwe kuzitofautisha. Hata siku kifaa kitakapokamilika, kipande kitaendelea kupelekwa maabara. Kalamu itakuwa shahidi wa haraka, na darubini itabaki kuwa kadhi.

SISI TUFANYE NINI NYUMBANI?

Ndugu msomaji, hakuna kalamu ya mwanga itakayomsaidia mgonjwa aliyechelewa. Uvimbe ukiwa mdogo, mpaka wake ni rahisi kuupata na kiungo kina nafasi kubwa ya kuokolewa. Kwa hiyo zingatia haya:

Kwanza, maumivu ya mfupa kwa mtoto au kijana yasiyoisha kwa wiki mbili tatu, hasa yanayomwamsha usiku au yanayozidi badala ya kupungua, yanahitaji eksirei. Usiridhike na "ameumia mpira". Mpira mara nyingi huwa sababu ya kuuona uvimbe ambao ulikuwapo kabla.

Pili, uvimbe mgumu juu ya mfupa unaoendelea kukua, au mfupa uliovunjika kwa kujikwaa kidogo tu, ni dalili za kukimbilia hospitali.

Tatu, usiuchue. Uvimbe usiojulikana asili yake hauchuliwi, haukandwi kwa maji ya moto, hauchanjwi na haupigwi chuku. Kufanya hivyo kunaweza kuupasua na kunapoteza muda, nao muda ndio mtaji wa mgonjwa.

Nne, kipimo cha kuchukua kinyama kifanywe katika hospitali itakayomfanyia upasuaji, au kwa makubaliano nayo. Njia iliyopita sindano au kisu cha kipimo inaweza kubeba seli za saratani, na daktari wa upasuaji ni lazima aiondoe njia hiyo pamoja na uvimbe. Ikipitishwa mahali pasipofaa, mguu ambao ungeokolewa unaweza kukatwa. Kwa Tanzania, barua za rufaa za magonjwa haya huelekea katika hospitali kubwa kama Muhimbili na taasisi yake ya mifupa MOI, Bugando na KCMC, na matibabu ya dawa na mionzi Ocean Road. Fuata rufaa yako, usiikatishe njiani.

Tano, muulize daktari kabla ya kusaini: Picha ya mapafu imepigwa? Dawa zitaanza kabla ya upasuaji? Kiungo kinaweza kuokolewa au la, na kwa nini? Kipande kitapelekwa maabara kuangalia pembezoni? Dini yetu imetuelekeza kuwauliza wenye kujua, na kuuliza si kumvunjia daktari heshima.

Sita, dua na kisomo cha ruqya viendelee, lakini viende pamoja na hospitali. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu, na kutawakali hakumaanishi kukaa nyumbani ukisubiri.

KIUNGO KILICHOKATWA

Baba wa yule kijana aliniuliza jambo jingine kwa sauti ya chini: mguu wa mwanawe utapelekwa wapi? Wazee wengi huona aibu kuuliza hivyo hospitalini, na wapo waliokataa upasuaji kwa hofu hiyo tu. Tulivyofundishwa na masheikh wetu ni kwamba kiungo kilichokatwa kwa mtu aliye hai hufunikwa na kuzikwa kwa heshima, na hakiswaliwi kwa kuwa mwenyewe yu hai. Jamaa wanaweza kuomba wakabidhiwe baada ya maabara kumaliza kazi yake, na ni vyema waseme mapema kabla ya siku ya upasuaji.

Kuhusu udhu, aliyekatwa juu ya kifundo cha mguu faradhi ya kuosha mguu huo imemwondokea, na atauosha ule uliobaki. Mwenye bandeji au jeraha lisilotakiwa kuguswa na maji ana ruhusa zake katika sharia, na asiyeweza kusimama ataswali ameketi. Kwa ufafanuzi wa hali yake kila mmoja amwendee sheikh wa msikiti wake. Usafi wa kidonda nao ni lazima: mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kukigusa, bandeji ibadilishwe kama wodi ilivyoelekeza, na asipakwe asali wala majani bila ya kumwambia muuguzi.

JIBU LA SWALI LA MAMA

Mama yangu, hakuna aliyewaambia kuwa ugonjwa umefika huko juu. Ndiyo sababu walikata juu. Uvimbe ulikuwa umeshakuwa mkubwa, mpaka wake hauonekani, na maabara isingeweza kuwajibu siku ile. Walichagua kupoteza sehemu ya mguu iliyokuwa nzima kuliko kuacha seli moja iliyo hai. Siku kalamu ya mwanga itakapokuwa kitu cha kawaida, huenda kijana kama wako akaachiwa mguu wake. Lakini na mimi ningelimpeleka eksirei ile mara ya pili, huenda nafasi hiyo angeipata hata bila ya kalamu. Nilimwomba radhi mama huyo, naye alinisamehe. Tangu hapo mtoto akirudi kwangu mara ya pili na goti lile lile, sitoi tena dawa ya maumivu peke yake.

Alhamdulillah, kijana yu hai. Ana mguu wa bandia, na mara nyingine hukutana naye akienda swala ya Ijumaa, amemtangulia baba yake kwa hatua kadhaa.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu na awazidishie elimu wanaowatibu. Wabillahi tawfiq.